Beseni la Bi Mwajuma

Naomba nianze kwa kukiri, kwa sababu nisipokiri mimi mtaambiwa na wengine, na wengine huongeza chumvi: ni kweli kwamba kule Ujiji, kuanzia sokoni mpaka mwaloni zinakofikia boti, kuna watu hadi leo wananiita Wakili Beseni, ni kweli kwamba kesi iliyonipa jina hilo niliijenga mwenyewe tofali kwa tofali, na ni kweli kwamba siku hiyo nilikuwa nimevaa blauzi nyeupe iliyopigwa pasi ya mkaa mpaka kola ikasimama yenyewe. Hayo mengine, kwamba nililia, ni uzushi. Machozi yalitoka kidogo, tena ya moshi (ndiyo, najua ofisi ya kata haikuwa na moto, tuendelee).

Ilikuwa miaka ile ambayo boti zilikuwa zikifika kutoka ng'ambo, Kongo, zimejaa watu na magodoro, na malori ya kupeleka wakimbizi kambini yalikuwa yakipita mjini mara kwa mara kiasi kwamba tuliacha hata kugeuka kuyatazama. Mimi nilikuwa nimemaliza mwaka wa kwanza wa sheria, nimerudi nyumbani kwa treni na begi lenye nguo nne na kitabu kimoja kinene cha utangulizi wa sheria ya Kiingereza: mahakama zao zilivyopangwa, na jinsi mwanasheria anavyotakiwa kufikiri. Sasa mimi ni mtu wa kuuliza, nimezaliwa hivyo. Madrasa niliuliza mpaka ustadhi akanihamishia mstari wa nyuma. Chuoni nilimwuliza mhadhiri kwa nini mtu wa Ujiji afungwe na maneno ya jaji aliyevaa nywele za farasi kichwani kwenye nchi ya baridi, akaniambia nisome sura ya tatu kwanza. Basi likizo hiyo nilikuwa nasoma sura ya tatu, na aibu yangu yote imo humo.

Jumamosi moja mwishoni mwa likizo, mvua ya kwanza ilikuja bila hodi. Mwaloni kwetu kina mama wanaanika dagaa mchangani juu ya nyavu kuukuu, na kuna desturi moja ambayo hakuna aliyewahi kuiandika: mvua ikipiga, hakuna dagaa wa mtu. Kila mwenye mikono anakusanya walio karibu naye, anakimbiza popote penye paa, na mwenyewe atajulikana jua likitoka. Mimi nilikuwa nyumbani nimelala kifudifudi juu ya mkeka, nimezama kwenye kesi ya konokono.

Kesi hiyo lazima niwaeleze, maana bila konokono hamtaelewa. Huko kwao mama mmoja alinunuliwa kinywaji na rafiki yake, chupa nyeusi isiyoonyesha ndani, akanywa nusu, alipomimina nusu ya pili akatoka konokono aliyeoza. Akaumwa, akamshitaki mwenye kiwanda. Mwenye kiwanda akasema mimi huyu mama simjui, hakununua kwangu, tunahusiana wapi? Jaji akajiuliza swali ambalo lilinifanya niache kusoma nitazame dari: kisheria, jirani yangu ni nani? Na akajibu kwamba jirani ni yeyote ambaye ukizembea ataumia, hata kama humjui jina, kwa hiyo umwazie kabla hujatenda. Nilikuwa hapo hasa, kwenye kumwazia jirani, mama yangu alipoingia amelowa chapachapa, ameshika beseni la buluu limejaa dagaa waliokauka nusu, akaliweka jikoni na kusema kitu.

Alichosema ni hiki (nilikuja kukikumbuka baadaye, kwa wakati mbaya kuliko wote): "Zaina, hao ni wa mwaloni, mpe Mama Sifa akirudi, yeye atajua ni wa nani." Na mimi nikajibu ee, jibu la mtu ambaye masikio yake yako Uingereza. Mama akarudi mbio kuokoa wengine, jioni hiyo akapata habari kwamba dada yake wa Ilagala amejifungua, alfajiri akapanda boti akaenda kumwuguza.

Nikabaki na nyumba, kitabu, njaa na beseni.

Sikujiuliza hata swali moja. Mimi, niliyemsumbua ustadhi na mhadhiri, niliona dagaa jikoni kwetu nikahitimisha kuwa ni wetu. Niliwakaanga beseni zima kwa mawese, pilipili na chumvi, wakawa wakavu wanalia kama majani makavu, nikawatia kwenye kopo kubwa la maziwa ya unga. Nilikula na ugali wa muhogo. Nilimpelekea sahani Mama Sifa, mpangaji wetu wa chumba cha nyuma, akala, akanishukuru, akasema nina mkono wa kupika. Na beseni, kwa kuwa lilikuwa zuri na la ukubwa wa kutosha, nikaanza kulitumia kufulia.

Huyu Mama Sifa alikuwa ametoka ng'ambo mwaka uliotangulia. Siku ya kukimbia, kule kwao ufukweni, yeye alipandishwa boti moja na binti yake Sifa akasukumiwa nyingine, na kabla ya kuachana walipigiana kelele neno moja tu: Ujiji. Boti ya Sifa haikufika. Kwa hiyo yeye alikuwa haendi kambini. Alikuwa na kibali cha kukaa mjini, anaanika dagaa mwaloni, na kila boti inayokuja anainua kichwa. Kibali kilihitaji barua ya kata kila baada ya miezi kadhaa, barua ya kusema mtu huyu hana tatizo na mtu. Mwenye kesi hapati barua. Asiye na barua anapanda lori, na kambini huwezi kuona ziwa.

Jumatatu Bi Mwajuma alirudi kutoka msibani Kidahwe. Ni jirani wa Mama Sifa pale mchangani, mwanamke wa Ujiji hasa, mpole akiwa peke yake na simba wakiwapo watu. Alikabidhiwa dagaa wake na Mama Sifa, aliyewaokoa kwenye mvua, akawapima, akakuta pungufu. Sehemu aliyokuwa ameianua mwenyewe asubuhi ya msiba na kuiacha pembeni ya nyavu zake haikuwepo. Akasema Mkongo amemwibia. Mama Sifa akasema hajui. Maneno yakapanda, na Jumanne wakaitwa wote wawili: Baraza la Kata, Alhamisi saa tatu.

Jioni hiyo Mama Sifa alikuja kwangu, akakaa kwenye kizingiti, akaniomba kitu kidogo sana. Alisema wazee wa baraza wakisikia Kiswahili chake cha ng'ambo wanacheka kabla hajamaliza, kwa hiyo anaomba siku hiyo nikae karibu yake, basi. Asionekane hana mtu.

Nikae tu! Mtu mwenye sura ya tatu kichwani! Nikamwambia, "Mama, niachie mimi." Nawaambieni, maneno mawili hayo yamezamisha watu wengi kuliko mawimbi ya ziwa lile.

Jumatano nilikwenda ofisi ya kata kumwona katibu wa baraza, Bwana Kasimu, nikiwa na bakuli la wale dagaa wa kukaanga kwa ajili ya kulainisha mazungumzo. Yeye akala, akamwita mwenyekiti, Mzee Idi, naye akaonja, wajumbe wawili waliokuwa wakipunga upepo barazani wakasogea, bakuli likarudi jeupe. Nikaruhusiwa kufungua daftari la zamani la maamuzi. Na humo, baina ya kesi ya bata na kesi ya mtu aliyemtukana mama mkwe, nikakuta dhahabu. Uamuzi wa miaka mingi nyuma, umeandikwa kwa wino wa buluu: *Aliyeokoa dagaa wa mwenzake kwenye mvua hana kosa, hata wakipungua. Aliyeokoa kisha akala, atarudisha mara mbili, na ataanika dagaa wa mwenye mali giza zima.* (Giza ni zile wiki ambazo mwezi haupo angani, wavuvi wanapoingia ziwani na karabai. Ndizo siku za kazi. Mwezi ukijaa, mwaloni kunalala.)

Niliruka barazani kama mtoto. Mnaona? Kesi iliyotangulia! Kitu kile kile cha Waingereza, kwamba mahakama ikiamua jambo leo, kesho ikija kesi inayofanana inafungwa na uamuzi wake yenyewe, kilikuwa kimelala Ujiji kwenye daftari lenye alama za vikombe vya chai. Nilikuwa simwamini yule jaji wa nywele za farasi, lakini siku hiyo ningekubali anioe.

Alhamisi ofisi ilijaa, na walioshindwa kuingia walishika nondo za madirisha. Mzee Idi alifungua kwa dua, akaniona nimesimama na kitabu kifuani, akasema hapa mawakili hawaruhusiwi. Nikamwambia, "Shikamoo mzee, mimi si wakili, ni jirani." Watu wakacheka kwa kupenda, na mimi nikalewa cheko lile. Nikaanza.

Nilisema mengi. Nilieleza mahakama za Uingereza kuanzia ya chini mpaka ya juu kabisa, wakati hakuna aliyeuliza. Nilisimulia konokono, na mama mmoja dirishani akataka kujua huyo mwanamke alikuwaje hata anywe kitu bila kutazama ndani, mwenzake akamjibu ndiyo matatizo ya kununuliwa. Nilitamka Kilatini, maneno mawili tu, kwa sauti ya mimbari, na Mzee Baltazari, mjumbe ambaye zamani alikuwa katekista, akaitikia "Amina" kabla ya kujikamata. Nilisema kila uamuzi una kiini na maganda, kiini ndicho kinachofunga, maganda ni maneno ya kupita. Kisha nikafungua daftari na kusoma ule uamuzi wote, na ile sehemu ya pili nikaisoma mara mbili, kwa sababu ilinoga. Atarudisha mara mbili! Ataanika giza zima!

Mzee Idi akakuna kidevu. Akasema, "Mwanangu, sisi hapa hatufanyi hivyo. Hapa tunamtazama mtu na hali yake, tunapatanisha, wanakwenda nyumbani."

Hapo ndipo ningekaa. Badala yake nikamwambia kwamba hapo hasa ndipo tunapokosea, kwamba leo ukimwonea huruma huyu kesho utamwonea yule, sheria haitazami uso, na baraza hili limefungwa na neno lake, halina ruhusa ya kulegeza hata mtu abembeleze vipi. Wajumbe wakatazamana. Bwana Kasimu akaandika. Mzee Idi akasema sawa, kama ndivyo vitabu vinavyosema, tumefungwa.

Mama Sifa alikuwa ameinamisha kichwa muda wote, anazungusha pindo la kitenge chake kidoleni.

Kulikuwa kumebaki kitu kimoja, kumwuliza maswali Bi Mwajuma, na chuoni tulionywa tusimwulize mtu swali ambalo hatujui jibu lake. Lakini nimewaambia mimi ni mtu wa kuuliza. Nikamkazia macho nikamwuliza: hao dagaa waliopotea, una ushahidi gani kwamba walikuwepo? Walikuwa ndani ya nini?

"Ndani ya beseni langu," akasema. "La buluu. Lilitoboka chini nikalitia kiraka cha kandambili nyekundu, nikakiyeyusha kwa kisu cha moto. Beseni kama hilo Ujiji nzima ni langu peke yangu."

Mnajua mtu anapokanyaga ngazi ambayo haipo? Mguu unashuka, moyo unabaki juu. Kiraka chekundu. Nilikiona kwa macho ya ndani, chini ya povu la sabuni, jana yake jioni, nilipokuwa nafua blauzi. Hii hii niliyoivaa. Na sauti ya mama yangu ikaja masikioni kamili, kutoka Jumamosi, na maji ya mvua yakimdondoka: mpe Mama Sifa, yeye atajua ni wa nani.

Nzi alitua kwenye kitabu, akaondoka kwa hiari yake.

Nisiwadanganye, nilihesabu. Mama yuko Ilagala. Dagaa wameliwa. Beseni naweza kulirudisha mchangani jioni, na hakuna mtu mwingine duniani anayejua. Kuna sauti ndani yangu (ya kiwakili kabisa) iliyoniambia kwamba sijaulizwa. Bi Mwajuma alikuwa ameshasema kwa baraza kwamba aliyekuwepo siku ile ni Mkongo, beseni halikuruka lenyewe, na nikaona vichwa vya wajumbe vikianza kukubali polepole. Mama Sifa naye aliinua uso akanitazama. Hakuwa na wasiwasi hata kidogo, na hicho ndicho kilichonimaliza. Alinitazama kama mtu aliyekwisha kukabidhi mzigo, anasubiri tu uteremshwe.

Nikasema, "Beseni liko kwetu."

Nikafunga kitabu.

"Mama alilileta kwenye mvua, akaniambia nimpe Mama Sifa. Sikumpa. Nilikuwa nasoma."

"Na dagaa?" akauliza Mzee Idi.

"Niliwakaanga."

Dirishani mtu alipiga mluzi. Bi Mwajuma akasimama, akashika kiuno, akauliza kwa upole wa kutisha kama walikuwa watamu. Nikasema ndiyo, walikuwa watamu sana, na sijui kwa nini nilijibu hilo. Kisha akili yangu, badala ya kupumzika, ikakimbia kutafuta mlango: nikaanza kueleza kwamba kesi yangu inatofautiana na ile ya daftari, kwamba mimi sikuokoa, aliyeokoa ni mama, mimi nilikuta, na aliyekuta si aliyeokoa, na tena sikujua, na tena hata Mama Sifa nilimpa sahani akala.

Hapo Bi Mwajuma akageuka. "Kumbe naye amekula! Basi wote wawili! Daftari limesema aliyekula."

Nilitaka ardhi inimeze. Nilikuwa nimemtoa mteja wangu kwenye wizi na kumrudisha kupitia dirisha, kwa dakika mbili. Na hapo Bwana Kasimu, ambaye kalamu yake ilikuwa imesimama, akainama kumnong'oneza mwenyekiti, na nikaona uso wa Mzee Idi ukibadilika, halafu wa Mzee Baltazari, halafu wa yule mjumbe mwenzake aliyeonja. Bakuli la Jumatano. Lilikuwa limewafikia.

Mzee Idi alikohoa. Alikohoa tena.

"Baraza," akasema, "limetafakari. Binti ametufundisha hapa kwamba kesi hazifanani mpaka uzitazame kwa karibu. Yupo aliyekula kwa kujipakulia, na yupo aliyekula kwa kukaribishwa. Aliyekaribishwa hawezi kumhoji mwenye nyumba dagaa ametoa wapi, huo si ustaarabu. Kwa hiyo waliokaribishwa, wawe wangapi na wawe kina nani, hawamo." Akaacha wajumbe waitikie, nao waliitikia haraka ajabu, Mzee Baltazari kwa Amina nyingine. "Abaki aliyejipakulia."

Nikasema, mzee wangu, baraza si linaweza kutazama mtu na hali yake? Zimebaki wiki chache tu za likizo.

"Tungependa," akasema Mzee Idi, na alikuwa anafurahi kuliko mtu yeyote niliyewahi kumwona. "Lakini tumefungwa. Umetufunga wewe."

Kicheko kile siwezi kukieleza. Kiliziba ofisi, kikatoka nje, kikashuka mpaka mwaloni kabla yangu, kwa sababu nilipofika huko kesho yake asubuhi wanawake walikuwa wamenisubiri na jina limekwisha kuiva.

Mama Sifa aliandikiwa barua yake siku hiyo hiyo, ikapigwa muhuri mara mbili kwa sababu Bwana Kasimu mkono ulikuwa unatetemeka kwa kucheka. Mimi nikaanika dagaa wa Bi Mwajuma giza zima. Nilifika mchangani boti zinapoteremsha, nikamwaga, nikasambaza, nikageuza, nikafukuza kunguru na bata, mgongo ukawa kama mlango uliokosa bawaba. Mabeseni mawili ya deni niliyalipa kwa dagaa nilionunua kwa nauli ya kurudia chuo, na mama yangu aliporudi kutoka Ilagala akacheka mpaka akakaa chini, ndipo akanipa nauli nyingine. Bi Mwajuma alikuwa akiniletea chai, na kila akiniletea ananiuliza, "Wakili, kikombe hiki ni cha nani?" Nijibu kwanza, ndipo ninywe.

Katikati ya giza hilo, siku moja jua limekaza, nilikuwa nageuza dagaa ubavuni mwa Mama Sifa nikamwuliza kile ambacho mwanasheria yeyote wa wiki ya kwanza angeuliza kabla ya kufungua kitabu: ile Jumamosi ilikuwaje hasa? Akanieleza bila kuacha kazi. Turubai lilikuwa moja. Akatandaza dagaa wake chini, akaweka kitenge, akapanga wa Bi Mwajuma juu, ili maji yakipanda yaanze na wake. Wake wote walioza. Aliwatupa.

Nikamwuliza mbona hakusema barazani, maneno hayo peke yake yangemaliza kesi, bila konokono, bila Kilatini.

"Hukuniuliza, mutoto yangu," akasema. "Na ulikuwa unasema muzuri, nikaona nisikukate." Halafu akainua kichwa, kwa sababu boti ilikuwa inaingia, akatazama mpaka wa mwisho aliposhuka, akainama tena tukaendelea kugeuza.

Mwaka wa pili mtihani ulileta swali lile lile, jirani yangu ni nani kisheria, jadili. Nilijadili kurasa nne na nikapata alama ya wastani, kwa sababu nilichokiandika ndicho kilichokuwa kitabuni. Jibu langu halisi siwezi kulitia kwenye karatasi ya chuo, lakini nimeapa kwalo, na tangu siku ile sijawahi kubandika sufuria bila kulitamka: jirani yangu ni yule ambaye beseni lake limo jikoni kwangu, na kabla sijawasha moto, naenda kumwuliza.